Ubia na Wageni wa Elimu: Mwongozo kwa Waendeshao Mitandao ya Utafiti

Mwongozo huu umekusudiwa kwa mtu ambaye, kwa kuchaguliwa na wenzake au kwa kuamriwa na wakubwa wake, amekabidhiwa kazi ya kuunganisha vyuo na maabara za nchi yake na vyuo na maabara za nchi nyingine, naye hajui aanzie wapi, barua ya kwanza aiandike kwa nani, wala aombe nini na akatae nini. Nauandika nikiwa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wala mji huu sikuuchukua kuwa mfano kwa mapenzi ya mwenyeji peke yake. Ni kwa sababu ni shida kupata mahali pengine katika Afrika ya Kati ambapo elimu ya ulimwengu imefaidika na ardhi kwa kadiri kubwa namna hii, ilhali waishio juu ya ardhi hiyo wamebaki nje ya daftari.

Hebu tazama. Mgodi wa Shinkolobwe, ulio mwendo mfupi wa gari kutoka mjini, uligunduliwa mwaka 1915, na katika miaka ya mwanzo ya 1920 Profesa Alfred Schoep wa Ghent alikuwa akipelekewa mawe ya huko, akiyachunguza na kuyapa majina ya mabingwa wa Ulaya, Becquerel na Curie wakiwa miongoni mwao. Mwaka 1955 Schoep huyo huyo, pamoja na wenziwe wawili, alieleza madini ya buluu yaliyotoka katika mgodi wa Likasi wenyewe, nayo yanaitwa likasiti mpaka leo katika vitabu vyote vya elimu ya mawe, walakini miongoni mwa waliotia jina chini ya maelezo hayo hakuna hata mmoja aliyezaliwa kando ya mgodi. Urani ya Shinkolobwe ndiyo iliyotumika kwa wingi katika mradi wa Marekani wa bomu la atomiki. Na kutokana na biashara hiyo, kwa njia iliyozunguka, Chuo Kikuu cha Lovanium cha mji ambao leo ni Kinshasa kilipata kinu cha nyuklia kilichowashwa mwaka 1959, cha kwanza barani Afrika. Yote hayo yalikuwa ni ushirikiano wa kimataifa wa kisayansi, tena wa hali ya juu. Kwa hiyo anayesema kwamba sisi hatuna desturi ya kushirikiana na wageni hajui historia. Tunayo desturi hiyo kwa miaka zaidi ya mia, ila masharti yake yalikuwa yakiandikwa na upande mmoja.

Sasa tuingie katika kazi. Mtandao wa kitaifa wa utafiti na elimu ni ushirika wa vyuo, hospitali za kufundishia na vituo vya uchunguzi, taasisi ambazo, badala ya kila moja kununua intaneti yake rejareja, hukusanya mahitaji yao, hununua kwa jumla, na juu ya njia hiyo moja huweka huduma ambazo muuzaji wa kawaida hana haja nazo: kuhamisha data nyingi za maabara, kuhifadhi majarida na tasnifu, na kumpa mwalimu kitambulisho kimoja kimwezeshacho kufungua kompyuta yake Kampala au Amsterdam na kuunganishwa papo hapo, mfumo ule uitwao eduroam, ulioanzia Uholanzi mwanzoni mwa karne hii. Kongo ina mtandao wake, Eb@le, uliochipuka katika vyuo vya Kinshasa. Kenya ina KENET, Uganda RENU, Tanzania TERNET, Zambia ZAMREN, Burundi BERNET. Juu ya hiyo kuna UbuntuNet Alliance, umoja ulioasisiwa mwaka 2005 na mitandao mitano ya Malawi, Msumbiji, Kenya, Rwanda na Afrika Kusini, ukasajiliwa Amsterdam mwaka uliofuata, na ofisi yake iko Lilongwe. Eb@le ni mwanachama wake. Afrika ya magharibi ina WACREN, makao yake Accra, na Ulaya ina GÉANT. Ngazi hizi uzijue kwa moyo, kwani mtu wa ngazi moja hapendi kurukwa na mtu wa ngazi nyingine, na GÉANT, mathalan, haizoei kuzungumza na chuo kimoja kimoja cha Katanga. Huzungumza na umoja wa eneo, na umoja wa eneo huzungumza na mtandao wa taifa.

Kutokana na hilo, jambo la kwanza la kufanya halihusiani na wageni hata kidogo. Kabla hujatuma barua yoyote nje ya nchi, hakikisha kwamba huyo anayetuma barua yupo mbele ya sheria. Kundi la walimu wenye ari, wanaokutana Jumamosi katika ofisi ya mkuu wa kitivo, ni kitu chema, lakini haliwezi kutia sahihi mkataba, haliwezi kufungua hesabu ya benki kwa jina lake, wala haliwezi kushitaki au kushitakiwa. Na mbia wa nje, akishagundua hayo, atafanya moja katika mawili: ataondoka, au atazishika fedha mwenyewe na kukufanya kibarua wake. Hapa Kongo njia inajulikana. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaeleza namna mashirika yasiyotafuta faida yanavyoundwa na kupata hadhi yake. Na madhali kazi yako ni ya mawasiliano, itakupasa pia kwenda kwa ARPTC, mamlaka ya kusimamia simu na posta, upate jibu la maandishi juu ya kile unachoruhusiwa kuendesha na kile ambacho ni lazima ukinunue kwa kampuni zenye leseni. Nasisitiza jibu la maandishi. Ahadi ya mdomo ya ofisa haivuki mwaka, na ofisa mwenyewe pengine havuki miezi sita.

Ndani ya vyuo vyenu nako kuna mlango ambao watu huusahau. Rekta anaweza kuwa rafiki yako na kuipenda shughuli yako, lakini katika vyuo vyetu fedha zina mwenyewe, naye ni msimamizi wa bajeti. Ikiwa huyo hakuitwa tangu kikao cha kwanza, siku ya kulipa ada ya uanachama utasikia kwamba fungu hilo halimo katika makadirio ya mwaka. Mwite mapema, umweleze kwa tarakimu: chuo kinalipa kiasi gani sasa kwa kila megabiti, na kitalipa kiasi gani kikinunua pamoja na wengine. Msimamizi wa bajeti hashawishiwi na hotuba juu ya maendeleo ya sayansi, wala sioni kwa nini ashawishiwe.

Mfano wa kuigwa katika mambo haya ya sheria na ada ni wa Kenya. KENET iliasisiwa mwaka 1999 kwa umbo la amana yenye wadhamini, wakuu wa vyuo vikuu wakiwa miongoni mwao, na mwanzoni ilitegemea msaada wa Marekani. Msaada wa namna ile aghalabu huzaa shirika linalokufa mfadhili anapofunga virago. KENET haikufa, kwa kuwa ilikuwa na umbo la kisheria ambalo serikali na Benki ya Dunia ziliweza kulikabidhi mali, na kwa kuwa wanachama walizoea kulipa. Mikongo ya bahari ya Hindi ilipofika Mombasa kuanzia mwaka 2009, Kenya ilikuwa na chombo kilicho tayari kupokea sehemu ya uwezo huo kwa niaba ya vyuo. Nchi ambazo hazikuwa na chombo kama hicho ziliutazama mkongo ukipita.

Nyumba ikishakuwa na mlango na kufuli, ndipo uulize: nimwandikie nani? Rai yangu hapa itawaudhi baadhi ya wenzangu, ambao kwao ushirikiano wa kimataifa maana yake ni Brussels, Paris au, siku hizi, Beijing. Mimi nasema barua ya kwanza ya mtu wa Likasi iende Lusaka.

Fikiri juu ya ramani. Mkongo wa baharini wa upande wa magharibi hutua Muanda, upande wa pili kabisa wa nchi, na kutoka Muanda mpaka hapa data ina safari ndefu ya kuvuka nchi yenye njia chache. Ilhali njia ya kusini inapita Lubumbashi, umbali wa kilomita 120 hivi, kisha Kasumbalesa, mpakani, ambako malori ya shaba hupanga foleni usiku na mchana, na mara unapovuka uko Zambia, nchi ambayo ZAMREN inafanya kazi na ambayo mji wake mkuu ni mojawapo ya vituo vya UbuntuNet. Chuo Kikuu cha Copperbelt kiko Kitwe, karibu nasi kuliko Kinshasa kwa mbali sana. Mawe wanayoyachimba ni ndugu wa mawe yetu, maradhi ya mapafu ya wachimbaji wao ni maradhi ya wachimbaji wetu, na Kibemba kinasikika pande zote mbili za mpaka. Mhandisi wa Lusaka anajua umeme unavyokatika na mkongo unavyokatwa na trakta ya wachimba barabara, hutahitaji kumweleza. Akikuazima fundi wake kwa juma moja, fundi huyo atakufundisha zaidi ya semina nyingi za hotelini. Fauka ya hayo, mbia wa Ulaya anayeona kwamba tayari umeunganishwa na jirani yako hukuhesabu kuwa mtandao, na yule asiyeona hivyo hukuhesabu kuwa mradi.

Usije ukafahamu kwamba nakushauri uiruke Eb@le. La hasha. Nakala ya kila barua iende Kinshasa, na vyuo vya Katanga viingie katika mtandao wa taifa kwa uanachama kamili, vilipe ada, vikae katika vikao na kupiga kura. Umoja wa eneo huitambua nchi kwa mtandao wake mmoja, na jimbo lolote litakalojaribu kusimama peke yake mbele ya wageni litawapa wageni hao sababu nzuri ya kungoja mpaka ndugu wapatane. Katanga inajua vizuri, tangu ilipojitenga mwaka 1960, jinsi wageni wanavyoweza kufurahia ugomvi wa ndugu.

Barua yenyewe iwe namna gani? Nimesoma barua nyingi za maombi, na nyingi zinafanana kana kwamba zilitoka katika kalamu moja: zinaanza kwa heshima ndefu, zinaeleza umaskini wa chuo, zinataja vita na uzembe wa zamani, kisha zinaomba vifaa na mafunzo bila kusema vifaa gani wala mafunzo ya nini. Msomaji wa barua hizo huzihurumia, kisha huziweka kando. Barua ifaayo haizidi kurasa mbili, na kila sentensi yake ina kitu cha kushikika. Mathalan: sisi ni taasisi tano za elimu ya juu katika miji ya Likasi na Kolwezi, kila moja hununua intaneti peke yake, na hizi hapa ankara za miezi mitatu iliyopita, mkongo wa kampuni fulani unaishia katika mtaa fulani, mita mia nne kutoka lango la chuo, tunao mafundi wawili wanaojua kupanga ruta, na majina yao ni haya, maabara yetu ya kemia ina vipimo vya maji vya miaka sita ambavyo tunataka vihifadhiwe mahali pawili, tunaomba kujua gharama ya kuunganishwa katika kituo chenu, na kama mnaweza kumpokea fundi mmoja kwa muda wa miezi mitatu, nauli yake tukiilipa sisi. Maneno haya manne ya mwisho yana uzito kuliko barua nzima. Mtu anayelipa nauli yake mwenyewe hukaribishwa kwa sura nyingine.

Na hapo ndipo lilipo suala la fedha, ambalo waandishi wa miongozo hupenda kulipita haraka. Mradi wa AfricaConnect, uliokuwa nguzo kubwa ya mitandao yetu tangu mwaka 2011, ulilipiwa na Umoja wa Ulaya sehemu 80 kwa 100 katika awamu yake ya kwanza, na sehemu 20 zilizobaki zilitakiwa zitoke kwa mitandao ya Afrika yenyewe. Watu wengi husoma ile 80 na kufurahi. Mtu mwenye busara huisoma 20, kwa maana hiyo ndiyo inayoamua nani ataingia na nani atabaki mlangoni, nayo hudaiwa kwa fedha taslimu, tena kwa wakati. Itatoka wapi? Ada za wanachama ni sehemu. Serikali ya nchi pengine itatoa sehemu nyingine, pengine haitatoa. Lakini hapa Katanga kuna chemchemi ambayo sijaona vyuo vikiifuata kwa bidii inayostahili: sheria ya madini ya Kongo, ilivyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka kampuni za migodi zitenge sehemu 0.3 kwa 100 ya mapato yao ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na asilimia 15 ya mrabaha wa madini huenda kwa serikali za mitaa. Chuo kilicho katika eneo la mgodi, kikija na hesabu safi na kuonyesha kwamba mkongo utafika pia katika hospitali na shule za sekondari za jamii hiyo, kina haki ya kusikilizwa pale fedha hizo zinapogawiwa. Hima basi, mwende vikaoni, kwani fedha hizo zina wengi wanaozitazama, na si wote wanaopenda mwanga.

Ongeza na hili: wakati wowote reli au barabara au nguzo za umeme zinapojengwa upya, ulizia nyuzi za mkongo. Tangu mwaka 2023 kumekuwa na makubaliano makubwa baina ya Kongo, Zambia, Angola, Ulaya na Marekani juu ya njia ya reli inayotoka migodi yetu mpaka bandari ya Lobito, na njia hiyo upande wa Kongo inapita Likasi. Gharama kubwa ya mkongo ni kuchimba mfereji. Mfereji ukishachimbwa kwa ajili ya kazi nyingine, kuongeza jozi moja ya nyuzi kwa ajili ya vyuo ni jambo dogo, mradi ombi liwe limeandikwa kabla ya zabuni kufungwa. Baada ya hapo utaambiwa, kwa adabu, kwamba umechelewa.

Tufike katika mkataba, na hapa nakusihi usome polepole. Yako mambo matatu ambayo mbia mwema atayakubali bila shida na mbia mbaya atayazungukazunguka: vyombo ni vya nani baada ya mradi, data ni za nani na zinakaa wapi, na majina ya nani yataandikwa juu ya matokeo. Juu ya vyombo, andika kwamba ruta na seva ni mali ya mtandao wa taifa tangu siku zinapotua forodhani, na kwamba leseni za programu zake zimelipiwa kwa muda uliotajwa. Kwa maana vyumba vingi vya vyuo vyetu vina mashine nzuri zenye kibandiko cha mradi uliokwisha, ambazo hazifanyi kazi kwa sababu leseni iliisha pamoja na mradi, na hakuna aliyebaki anayelijua neno la siri. Namba za anwani za intaneti nazo uziombe AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, kwa jina la mtandao wenu na si kwa jina la kampuni inayowauzia huduma. Licha ya misukosuko ya mahakama iliyoikumba taasisi hiyo, hiyo ndiyo njia, nayo hutoa punguzo kwa taasisi za elimu. Asiye na namba zake hawezi kumwacha muuzaji wake bila kubomoa nyumba nzima.

Juu ya data na sampuli, Kongo ina masomo mawili ambayo kila mtafiti wa bara hili anapaswa kuyajua. La kwanza ni la mwaka 1976, pale damu ya mgonjwa wa Yambuku iliposafirishwa kwa ndege mpaka Antwerp, ndani ya chupa ya chai, na virusi vya Ebola vikajulikana huko. Dakta Jean-Jacques Muyembe, aliyekwenda Yambuku na kutoa damu kwa mikono yake, kwa miaka mingi hakutajwa ipasavyo katika hadithi hiyo. La pili ni la miaka arobaini baadaye: taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ya Kinshasa, Muyembe huyo huyo akiwa mkuu wake, ikishirikiana na Marekani, iliendesha kuanzia Novemba 2018 jaribio la dawa za Ebola kwa wagonjwa 681 katikati ya vita vya mashariki ya nchi, na mojawapo ya dawa mbili zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Wageni walikuwapo mara zote mbili. Tofauti ni kwamba mara ya pili kulikuwa na maabara, kulikuwa na wataalamu wenyeji wa kusoma chembe za urithi za virusi, na kulikuwa na mtu mwenye cheo cha kusema kwamba sampuli zitapimwa hapa.

Hapa kwetu Katanga upo mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mkojo wa watu 351, wengi wao wakaao karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia, yakionyesha kobalti kwa kiasi kisicho cha kawaida miilini mwao. Vipimo vilifanyika Ubelgiji, lakini jina la kwanza juu ya makala ni la Banza Lubaba Nkulu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na ushirika huo wa Lubumbashi na Leuven uliendelea kuzaa kazi nyingine, ikiwamo ile ya mwaka 2020 juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro. Huo ni ubia wenye heshima. Unachopaswa kuulizia wewe, mwendesha mtandao, ni hatua inayofuata: je, jedwali la vipimo lipo katika seva ya Lubumbashi, au mwanafunzi wa Likasi atakayelihitaji baada ya miaka kumi italazimu aliombe Ubelgiji? Tangu Machi 2023 Kongo inayo kanuni ya mambo ya kidijitali yenye sehemu nzima juu ya data za watu, na tangu mwaka 2015 nchi imo katika Itifaki ya Nagoya juu ya mali ya viumbe na kugawana faida zake. Vyote viwili vitaje kwa jina ndani ya mkataba, kwa minajili ya kumlinda hata mbia mwenyewe.

Kuhusu watu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu anayajua. Fundi uliyemsomesha ataitwa na kampuni ya mgodi kwa mshahara maradufu. Usimlaumu, somesha watatu, uwape cheo na kazi ya kuonyesha, na uandike katika daftari kila wanachokifanya, ili anayeondoka asiondoke na mtandao kichwani. Umeme nao ni sura ya peke yake: Likasi ni jirani ya mabwawa ya mto Lufira, Mwadingusha la mwaka 1930 na Koni la mwaka 1950, yaliyojengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, na bado chuo hukaa gizani saa nyingi. Kwa hiyo kila ombi la ruta liambatane na ombi la betri na paneli za jua, na mfadhili anayekataa kulipia betri mwambie kwa upole kwamba ruta yake itamfaa zaidi yeye kuliko nyinyi.

Lugha isikutishe. Vikao vya UbuntuNet ni vya Kiingereza, hati zetu ni za Kifaransa, na hapo ndipo Wakongo wengi hunyamaza wakidhaniwa hawana la kusema. Lakini mhandisi wa Dar es Salaam, wa Mombasa, wa Bujumbura na wa Likasi, wakikutana wakati wa chai, huzungumza Kiswahili, na mambo mengi huamuliwa wakati wa chai. Itumie nafasi hiyo bila haya, kisha yaliyokubaliwa yaandikwe kwa lugha zote mbili za hati, na nakala ya Kifaransa iwe na nguvu sawa.

Usimkabidhi mbia mmoja funguo zote. Kobalti imetuletea wachumba kutoka kila upande, na kila mmoja atapenda mtandao wako utumie mashine zake, wataalamu wake na wingu lake la kuhifadhia data. Chukua vilivyo vizuri kwa kila mmoja, ila usitie sahihi kifungu chochote kinachokukataza kushirikiana na mwingine. Kifungu cha namna hiyo, hata kikija na zawadi, kirudishe kikafutwe.

UbuntuNet Alliance hufanya mkutano wake wa mwaka, uitwao UbuntuNet-Connect, aghalabu mwezi wa Oktoba au wa Novemba, na wahandisi wa ZAMREN na wenzao wa eneo zima huwa huko. Mwite msimamizi wako wa bajeti juma hili, zikusanye zile ankara za miezi mitatu, iandike ile barua ya kurasa mbili kwenda Lusaka na nakala yake Kinshasa, ili kabla ya mkutano huo jina la Likasi liwe limekwisha kuandikwa katika orodha yao, kwa mkono wa mtu wa Likasi.